Je, Wajua? Teófilo Stevenson, Mfalme wa Ngumi za Ridhaa

Je, wajua kwamba mmoja wa mabondia wakali kabisa wa uzito wa juu hakupigana ngumi za kulipwa hata siku moja? Ni Teófilo Stevenson wa Kuba, aliyezaliwa Machi 29, 1952, Puerto Padre, mashariki mwa kisiwa hicho. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Saint Vincent.

Je, wajua kwamba Mmarekani Duane Bobick alimshinda mwaka 1971 mjini Cali, Kolombia? Mwaka mmoja baadaye walikutana tena kwenye Olimpiki ya Munich. Safari hii, katika raundi ya tatu, Bobick alikalishwa chini na refa akamaliza pambano.

Je, wajua kwamba fainali ya Munich hakurusha hata ngumi moja? Ion Alexe wa Romania alikuwa ameumia kidole gumba. Stevenson akavishwa dhahabu.

Je, wajua kuhusu John Tate? Montreal, 1976, Stevenson alimlaza kwa KO raundi ya kwanza. Mwaka 1979 Tate huyohuyo akatwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika ngumi za kulipwa! Anayesema Stevenson alikuwa akiwapiga vibonde aikumbuke habari hii.

Je, wajua kwamba hadi Moscow, 1980, hakuna mpinzani aliyewahi kumaliza naye raundi zote tatu kwenye Olimpiki? Wa kwanza alikuwa István Lévai wa Hungaria, tena kwa kukwepa zaidi kuliko kupiga. Stevenson akachukua dhahabu ya tatu. Kabla yake ni László Papp peke yake aliyekuwa nazo tatu. Baada yake akaja Félix Savón, Mkuba mwenzake.

Je, wajua kwamba aliahidiwa mamilioni ya dola ili apambane na Muhammad Ali? Kuba ilikuwa imepiga marufuku michezo ya kulipwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, hivyo kuzikubali fedha zile kulimaanisha kuihama nchi yake. Alikataa, akisema dola milioni si kitu mbele ya mapenzi ya Wakuba milioni nane. Wengi walimhesabu kuwa amepoteza bahati. Mimi namvulia kofia: alijua anachokiacha, na alijua anabaki na nani.

Je, wajua kwamba Kuba iligomea Olimpiki za 1984 na 1988? Lakini mwaka 1986, huko Reno, Marekani, akiwa na miaka 34, alitwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa kwa mara ya tatu, baada ya Havana 1974 na Belgrade 1978.

Na Ali je? Hawakupigana kamwe. Ali alipokwenda Havana mwaka 1996 kupeleka msaada wa dawa, Stevenson alikuwa naye bega kwa bega, rafiki na mwenyeji wake.