Hospitali Iko Karibu, Mama Yuko Mbali

Ukisafiri kwa barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma utapita Lamadi, pale njia ya Bariadi inapochepuka. Ni mji wa magari makubwa, wa dagaa na wa vyumba vya kupanga. Mkula, ambako Kanisa la AICT lina hospitali, si mbali na hapo. Ndiyo maana wengi hudhani shida ya uzazi ni ya mama wa kijijini, si ya huyu wa mjini. Sisi tunaotembelea akina mama katika vyumba hivyo hatuoni hivyo.

Mama wa kijijini ana mama mkwe, ana mawifi, na ana shemeji mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mama wa chumba cha kupanga mara nyingi ana mume aliye ziwani au safarini, watoto wawili wadogo, na jirani aliyehamia juzi. Uchungu ukianza usiku hujiuliza: watoto nimwachie nani? Ufunguo nimpe nani? Basi husubiri kuche.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Raheli alijifungua Benyamini akiwa na mkunga kando yake, naye akafa, maana walikuwa njiani. Huku kwetu, kuchelewa kuamua ndiko tunakokuta zaidi.

Kwa hiyo tukimtembelea mjamzito hatuanzi na mahubiri. Tunamuuliza ni jirani gani atalala na watoto. Tunamuuliza kama amezungumza na mtu wa bodaboda au wa gari, na kama kuna ndugu atakayefuatana naye, maana huenda damu ikahitajika. Kanga safi na akiba kidogo viwe tayari tangu mwezi wa saba. Namba 115 aijue kwa kichwa: hupigwa bure, nayo ni ya usafiri wa dharura wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022.

Jambo moja husemwa kwa kunong'ona, nalo ni dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu. Hutolewa kwa upendo, mara nyingi na bibi mwenye heshima zake. Lakini hakuna anayejua nguvu ya kikombe kile, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Tunaomba lisemwe wazi, hata katika vikundi vya akina mama kanisani.

Tena, kujifungua salama si mwisho wa hatari. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, kabla au baada ya kuzaa, huenda ni kifafa cha mimba kinachokaribia.

Nchini kwetu vifo vya uzazi vimepungua sana. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulihesabu vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukahesabu 104. Tumshukuru Mungu, na wakunga pia. Lakini watoto wachanga waliokufa kabla ya kutimiza mwezi walikuwa 25 kwa kila 1,000, wakawa 24. Hapo hatujasogea.

Mtoto afutwe, awekwe kifuani pa mama, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya manjano si uchafu, usiyakamue ukamwaga. Kuoga kusubiri siku nzima. Kitovu kisipakwe majivu, mafuta wala samadi. Aliyezaliwa njiti abebwe ngozi kwa ngozi, naye baba anaweza kupokea zamu. Mtoto anayekataa kunyonya, anayepumua haraka haraka, mwenye mwili wa moto au wa baridi, au mwenye kitovu kinachotoa usaha, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ametoka huko jana.