Homa na Degedege kwa Watoto Wadogo: Sehemu ya Pili

Baada ya kueleza katika sehemu iliyotangulia jinsi homa inavyopanda mwilini, leo tuingie katika kadhia inayowatia wazazi wa huku kwetu Bariadi hofu kuliko zote, nayo ni degedege, pale mtoto aliyekuwa akilia kwa joto anapogeuza macho ghafula, akakakamaa, akatikisika viungo, asimsikie tena mamaye amwitaye.

Ubongo mchanga, tangu miezi 6 hadi miaka 5, ni mwepesi kushtushwa na joto. Hata Ulaya, ambako malaria haipo, watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hupatwa na mshtuko huo, aghalabu kwa dakika chache tu, kisha huamka wazima, wala akili zao hazipungui. Lau habari ingekomea hapo, ningewaambia wazazi watulie. Lakini Bariadi ni nchi ya mbu, na vimelea vya malaria vikiziba mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, humtikisa mtoto kwa sura ile ile, naye huyu asipotibiwa upesi hufa, au hupona na ulemavu. Mzazi hawezi kuzipambanua hali hizo mbili kwa macho. Damu haina budi kupimwa.

Kuna dhana, ambayo watafiti waliiandika huko Bagamoyo katika miaka ya 1990, kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa, basi sharti aanzie kwa mganga, afukizwe moshi wa kinyesi cha tembo. Wanaoamini hivyo si wajinga, kwani wameona kwa macho yao: mwenye mshtuko mwepesi huamka mwenyewe katikati ya mafusho, na sifa ikamwendea mganga; mwenye malaria ya ubongo hukawia nyumbani, akafikishwa hospitali roho ikiwa kooni, akafa sindano ingali mkononi, na lawama ikaiangukia sindano. Hivyo kila msiba huithibitisha dhana ile ile iliyouleta, na hilo ndilo linalonisikitisha kupita yote.

Degedege likianza, mlaze mtoto ubavu, mahali pasipo moto wala kitu cha kumjeruhi, umlegeze nguo, usimtie kijiko kinywani, wala dawa, wala maji, maana yataingia mapafuni, usimbane viungo. Tazama saa. Likipita dakika 5, au likirudi, au asipozinduka, mkimbize hospitali, usingoje kupambazuke. Hata akizinduka akacheka, mpeleke siku hiyo hiyo zahanati akapimwe malaria, na shingo ikiwa ngumu aangaliwe pia homa ya uti wa mgongo. Parasetamo humpunguzia taabu ya joto, ila haizuii degedege kurudi, nalo huwarudia takriban thuluthi ya watoto wanapougua homa nyingine.

Ama yule anayetikisika pasipo homa yoyote, habari yake huenda ni ya kifafa, nayo tutaieleza katika sehemu ya tatu.