Kiporo cha mkubwa, njaa ya mdogo

MNYUZI, KOROGWE. Kwa shabiki wa Mnyuzi, kwenda kuiona Coastal Union pale Mkwakwani ni shughuli ya siku nzima. Anadamka asubuhi, anatafuta gari Segera, anapita Muheza, anaingia Tanga mjini akiwa na nauli ya kurudi kaitenga pembeni. Mechi ikisogezwa ghafla, nauli hiyo hakuna wa kumrudishia.

Mnyuzi wanajua vizuri ratiba ni nini. Eneo hili ndiko reli ya kutoka Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963, inakokutana na reli ya Tanga. Njia ni moja, na treni mbili haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni. Moja ikichelewa, nyingine inasubiri hata kama dereva wake hana kosa.

Ligi Kuu Bara nayo iko hivyo hivyo. Timu 16, kila moja mechi 30, jumla mechi 240. Ukigusa moja, umegusa nyingine ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu.

HESABU INAVYOBANA

Mashabiki wengi wanaamini ratiba ya haki ni ile ambayo kila timu inacheza leo nyumbani, wiki ijayo ugenini, mpaka mwisho. Ni kitu kizuri, ila hakiwezekani.

Sababu ni nyepesi. Timu mbili zenye mpangilio uleule, zote nyumbani siku moja na zote ugenini siku moja, haziwezi kukutana kamwe, maana lazima mmoja awe mwenyeji. Na mpangilio wa kupokezana bila kukatika upo wa aina mbili tu: wa kuanzia nyumbani na wa kuanzia ugenini. Kwa hiyo katika mzunguko mmoja, timu mbili tu ndizo zinazoweza kupata raha hiyo. Zile 14 zinazobaki, kila moja lazima ipate angalau mara moja mechi mbili mfululizo nyumbani au ugenini.

Kumbe mpangaji hana uwezo wa kuiondoa karaha hiyo. Kazi yake ni kuigawa, ili isiwe timu ileile kila msimu.

Weka juu yake viwanja. Simba na Yanga zinapotumia uwanja mmoja Dar es Salaam, mmoja akiwa mwenyeji mwenzake inabidi asafiri, au wapishane siku. Msimu wa 2015/16 mambo yalikuwa magumu zaidi Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zote zilitegemea Mkwakwani. Mgambo yenyewe maskani yake ni Kabuku, Handeni. Ilipoandikwa 'nyumbani', wanajeshi hao walipanda basi kama wageni.

Kisha kuna umbali. Kutoka Tanga hadi Mbeya ni karibu kilomita 1,000. Mbeya City na Tanzania Prisons zote zinacheza Sokoine, hivyo klabu yenye mfuko mwepesi ingependa kuzimaliza zote kwa safari moja. Lakini hapo imekubali mechi mbili mfululizo ugenini. Unaokoa mafuta ya basi, unalipa kwa miguu ya wachezaji.

Lipo na jingine lisiloonekana kirahisi. Njia ya kawaida ya kupanga ligi ni kuiacha timu moja palepale na kuzizungusha nyingine kama watu wanaozunguka meza. Inafanya kazi, lakini ina mtego: timu inaweza kujikuta karibu kila wiki inakutana na mpinzani aliyetoka kucheza na timu ileile. Ukimfuata Yanga, unakutana na watu waliochoka, wengine wana kadi. Ukimfuata kibonde, unakutana na watu wenye morali ya ushindi.

Pamoja na hayo, Bara tuna bahati moja: kila timu inakutana na kila mpinzani nyumbani na ugenini. Ligi ya raga ya Australia, NRL, kwa misimu ya karibuni imekuwa na timu 17, lakini kila moja inacheza mechi 24. Maana yake inakutana na wapinzani wanane mara mbili na wanane wengine mara moja. Huko anayepangiwa vibonde mara mbili anaanza msimu anacheka.

UGONJWA WETU NI KIPORO

Kwa hiyo tatizo la Bara haliko sana kwenye karatasi ya mwanzo wa msimu. Liko kwenye kile kinachotokea baada ya karatasi kutoka.

Viporo vingine havina lawama. Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, Mei 2025, hakuna aliyetegemea icheze ligi siku ileile. Vingine vinauma. Januari 2016 Azam ilikwenda Ndola, Zambia, kucheza mashindano ya kirafiki, na mechi zake za ligi zikasogezwa. Mei 8, 2021, dabi ya Kariakoo ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku ileile ya mechi. Yanga haikukubali, mechi ikaota mbawa hadi Julai 3.

Machi 8, 2025, dabi nyingine iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo. Ilikuja kuchezwa Juni 25, siku 109 baadaye, tena ikiwa mechi ya kuamua bingwa. Yanga ikashinda 2-0 na kubeba kombe.

Mwenye kiporo anacheza akijua anahitaji nini. Mwenzake alicheza gizani. Ndiyo maana, baada ya Ujerumani Magharibi na Austria kumaliza mechi yao ya Kombe la Dunia 1982 kwa matokeo yaliyozivusha zote mbili na kuiacha nje Algeria iliyokuwa imeshacheza jana yake, Fifa iliamua mechi za mwisho za makundi zichezwe saa moja.

Wakubwa hubishana kuhusu kombe. Wadogo wanabishania uhai. Msimu ule wa 2015/16 timu zote tatu za Tanga zilishuka daraja kwa pamoja. Si ratiba iliyozishusha, pointi zao zilikuwa chache. Lakini timu inayopigania pointi moja ndiyo isiyoweza kumudu kulala hoteli siku mbili zaidi kwa sababu mechi imesogezwa.

Dawa haihitaji kompyuta kubwa. Tarehe za CAF na za Taifa Stars zifungiwe kabla ya kuandika mechi hata moja. Zitengwe siku za akiba zinazojulikana tangu mwanzo, na kiporo kiliwe humo humo, kisifike raundi za mwisho. Ratiba ikitoka, itangazwe pamoja na jedwali la siku za mapumziko na kilomita za kila timu, ili kila klabu ione imebeba mzigo gani. Na anayeomba kuahirisha alipe gharama za mwenzake aliyekwisha kusafiri.

Coastal ilirudi Ligi Kuu, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne na kukata tiketi ya Afrika. Mgambo haijarudi. Shabiki wa Mnyuzi bado anapitia Segera kwenda Mkwakwani, na anachotaka ni kidogo tu: ikiandikwa Jumamosi, iwe Jumamosi.