Wanyama wa Mawe Walindao Njia ya Makaburi ya Wafalme wa Uchina

Mtu wa Kasulu au Kibondo akiambiwa kwamba simba amewekwa langoni ailinde nyumba, huenda akacheka. Kwani yeye hulifunga zizi lake kwa ajili ya simba huyo huyo. Lakini katika nchi ya Uchina simba wa mawe wamelinda malango tangu zamani sana. Huwekwa wawili wawili: dume amekanyaga mpira, na jike ameweka mguu juu ya mtoto wake.

Tena wachongaji wengi hawakupata kumwona simba hata siku moja. Simba wachache waliofika huko zamani walikuwa zawadi kutoka kwa wafalme wa nchi za magharibi yake. Basi fundi alichonga kwa kusikia, na ndiyo maana manyoya ya shingo yamejiviringa vifundo vifundo, na uso wafanana na wa mbwa.

Kaskazini ya Beijing iko njia iendayo kwenye makaburi ya wafalme wa ukoo wa Ming. Kandokando yake wamo wanyama wa mawe 24, waliowekwa mwaka 1435: simba, ngamia, tembo, farasi, na wawili wa hadithi tu. Kila namna wako wanne; wawili wamesimama na wawili wamepumzika, na watu husimulia kwamba usiku hupokezana zamu. Mmoja wa wale wa hadithi huitambua haki: katika shauri humpiga pembe aliye mkosaji. (Mabaraza mengi yangemtaka huyo!) Wa pili ni chilini, mwenye magamba na kwato, ambaye huonekana tu anapotawala mfalme mwema.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Mwaka 1415 Mfalme wa Malindi alimpelekea Mfalme Yongle twiga. Mwingine alikuwa amefika mwaka uliotangulia kutoka Bengal, na Wachina walisema kwamba huyu ndiye chilini. Sasa Yongle alikuwa amemnyang'anya mwana wa kaka yake kiti cha enzi mwaka 1402, kwa vita na damu nyingi. Kwa hiyo ishara ya wema ilimfaa mno. Alitoka mwenyewe mpaka langoni kumpokea twiga wetu.

Yongle alikufa mwaka 1424, akazikwa huko huko iendako njia ile. Na mafundi walipomchonga chilini wa kumlinda, miaka 20 baada ya twiga wa Malindi kufika, walimpa magamba yale yale ya hadithi, na shingo fupi.