Mzazi, usiogope kioo cheusi cha mwanao

Mwaka jana tulimzika mama yangu Kondoa. Picha zake zote, pamoja na nakala za hati ya kiwanja chetu, nilizihifadhi kwenye flashi moja. Siku moja nikaipeleka kwenye duka la kuchapisha hapa Dodoma. Niliporudi nyumbani na kuichomeka kwenye kompyuta, folda zote zilikuwa zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo. Nikabonyeza kimoja, cha pili, cha tatu. Hakuna kitu.

Fundi mmoja akaniambia, "Mama, hapa tufomati tu." Nusura nikubali.

Kijana wangu, aliyekuwa nyumbani likizo ya chuo, akanizuia. "Mama, subiri kwanza." Akafungua kidirisha cheusi chenye maandishi meupe. Nilishtuka, maana niliwahi kumkuta nacho nikamgombeza, nikidhani anajifunza wizi wa mitandaoni.

Akaandika E: ambayo ndiyo herufi ya flashi, kisha dir /a. Majina ya folda zangu yakajipanga moja chini ya jingine. Kumbe kirusi kilizificha tu, hakikuzifuta. Akaandika amri ya tatu:

attrib -h -r -s /s /d *.*

Bibi yake akarudi, na kitenge chake, anacheka. Nilitoa machozi.

Baadaye akafuta vile vialama na kupitisha programu ya kuua virusi kwenye flashi na kompyuta. Akanieleza pia kuwa kule kubonyeza kwangu ndiko kulikokiamsha kirusi.

Kioo hicho si cha wezi. Kabla ya kipanya, watu waliziamuru kompyuta kwa kuandika, na mpaka leo seva nyingi duniani huendeshwa hivyo kwa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kijana anayetaka kusomea kompyuta, iwe Chuo Kikuu cha Dodoma au kwingine, atakutana nacho tu.

Hata wewe unaweza kuanza. Kwenye Windows, tafuta cmd, kisha jaribu:

- dir: kuona vilivyomo ndani ya folda
- cd na jina la folda: kuingia
- cd .. : kurudi nyuma
- mkdir na jina: kutengeneza folda mpya
- copy: kunakili faili

Kwenye Linux, dir huwa ls, na copy huwa cp. Asiye na kompyuta anaweza kujifunzia kwenye simu ya Android kwa programu iitwayo Termux.

Angalizo moja: del ya Windows na rm ya Linux hazipeleki faili kwenye pipa la taka. Ukifuta, umefuta. Fanyeni mazoezi kwenye folda ya majaribio, si kwenye picha za familia.

Mimi sasa nina nakala sehemu mbili. Na kijana akifungua kioo chake, navuta kiti, nakaa karibu naye, namwambia, "Haya, nionyeshe."