Msitu wa Rubondo na Nyavu za Suguti

Ndugu msikilizaji, nilipowaaga jamaa zangu wa Suguti kwamba ninakwenda Rubondo, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu mwaloni aliniuliza: "Mwanangu, Serengeti iko hapa nyuma yetu na wanyama wamejaa tele. Unapoteza nauli kufuata nini huko?" Swali lake ndilo nitakalolijibu leo.

Serengeti tunayoijua sisi ni mbuga ya nyasi. Rubondo ni kisiwa chenye msitu, ndani ya Ziwa Victoria letu hili hili, upande wa kusini-magharibi, mkoani Geita. Kilikuwa pori la akiba mwaka 1965, kikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Eneo lake lote ni kilomita za mraba zipatazo 457, na karibu nusu yake ni maji. Hilo la maji tuliweke akilini, tutalirudia.

Kutoka Musoma nilipanda basi hadi Mwanza, nikapita Geita mpaka Kasenda, wilayani Chato, nikavuka kwa boti. Kisiwani hakuna simba wala chui, kwa hiyo mgeni hutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa hifadhi. Tuliona pongo, tukaona fisi maji wakiogelea kando ya mawe, na nzohe, yule swala wa kwenye matete ambaye kwato zake ndefu humwezesha kukanyaga tope asizame.

Walionishangaza zaidi ni sokwe, kwa maana si wenyeji wa pale. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alileta sokwe 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi wangali wadogo, wakafungiwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Walipofika walifunguliwa vizimba tu, bila kufundishwa tunda gani linalika. Wakajifunza wenyewe. Leo wajukuu wao hawajui kizimba ni kitu gani. Mimi niliwasikia wakipiga kelele mbali, nikaonyeshwa vitanda vya majani walivyolalia juu ya miti.

Msitu uliwalea kwa sababu haukuguswa. Tusisahau, hata hivyo, kwamba wavuvi wa Kizinza waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishwa. Hifadhi ina gharama, na daima kuna mtu anayeilipa.

Sasa turudi kwenye maji. Ndani ya hifadhi ni marufuku kuvua. Samaki hutaga kwenye matete na mafunjo ya pwani, na vifaranga vyao hujificha humo. Mizizi ya miti hushika udongo, mvua isiteremshe tope ziwani. Samaki akishakua hajui mpaka. Hutoka nje akaingia katika nyavu za wavuvi. Lakini mahali ambapo kingo za mto zimelimwa hadi majini, na kokoro linazoa sato wa ukubwa wa kidole, nani atakua? Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Niliporudi nilimweleza mzee haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nimekuelewa. Na watoto wangu watakula nini wakati hao samaki wanakua?"

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa hotuba. Nilimwambia kwamba hakuna haja ya kufunga ziwa zima. Wanakijiji wenyewe, kupitia kikundi chao cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wanaweza kuchagua ghuba moja tu yenye matete ikapumzishwa, na wote wakubaliane jinsi ya kuwasaidia wale waliokuwa wakivua hapo, wasibebe mzigo peke yao.

Mzee hakukubali wala hakukataa. Aliuliza tu: "Ghuba ipi?"

Wana-Suguti, swali hilo sasa ni lenu. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.