Kabla Hujamwita Jangili, Tazama Podo Lake

Mbuga ya Tsavo ya Kenya ikitajwa, Waata, jamii ya wawindaji wa huko, hutajwa kwa jambo moja: ujangili. Anayetaka kuwasifu atausifu upinde wao, ambao kuuvuta huhitaji nguvu ya kilo 45 na zaidi, kisha atawahukumu papo hapo. Husikii hata mmoja akieleza Mwaata aliubebaje mshale wake.

Sumu ya mshale huo hutoka kwenye mti wa msunguti. Vijiti na magome huchemshwa saa nyingi hadi ibaki rojo nyeusi, nzito kama lami. Mabingwa wa kuipika walikuwa Wagiriama, na Waata waliinunua kwao. Ikishaingia kwenye damu, husimamisha moyo wa ndovu, sembuse wa mtu. Basi mfikirie mwindaji anayepita na mishale hiyo katika vichaka vya miiba vya Tsavo, akiinama, akitambaa, ngozi ikikwaruzwa kila hatua, na nduguye yuko nyuma yake.

Ndiyo sababu sumu haikupakwa nchani. Ilipakwa nyuma ya chembe, shingoni mwa mshale, kisha ikazungushiwa utepe mwembamba wa ngozi. Utepe uliizuia sumu isikauke ikapoteza makali, na ulimkinga mbebaji na wenzake. Mishale ikatiwa podoni, vyembe vikielekea ndani. Utepe haukufunguliwa njiani kwa pupa wala kwa majivuno. Ulingoja mnyama aonekane, upepo ujulikane unakotoka, na mwindaji asogee hatua chache tu kutoka kwa ndovu. Na kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe, ili mnyama akifia mbali ijulikane ni wa nani. Mtu anayetia alama yake kwenye kifo anachokibeba hawezi kuitwa mhuni wa porini.



Mwaka 1948 nchi yao ya kuwindia ikawa mbuga ya taifa. Msako wa majangili wa 1956 na 1957 ukawapeleka wanaume wengi jela. Sikatai kwamba pembe za ndovu ziliuzwa. Walanguzi wa pwani walizinunua na kutajirika kuliko aliyezitafuta. Lakini wakati huo huo, mgeni mwenye bunduki na leseni aliua ndovu na akaitwa mwindaji. Mpango wa Galana wa 1960, uliokusudiwa kuwapa Waata uwindaji halali, haukudumu. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji kwa wote, na kwa Mwaata hilo halikuwa jipya.

Leo kuruta akipewa bunduki hufundishwa kwanza asiuelekeze mtutu wake kwa mwenzake. Waata walikuwa na somo hilo kabla ya chuo chochote cha askari wa wanyamapori. Makumbusho yakitundika upinde, yaweke na podo na ule utepe wa ngozi. Na wazee waliobaki wanaojua kuufunga waulizwe sasa, tena waulizwe kama mafundi. Maswali ya polisi wameshayajibu ya kutosha.